Mkalimani na Mamba wa Haiti

Mchungaji wetu alikuwa na mahubiri marefu, na Mkalimani alikuwa na basi la kuwahi. Ibada zetu zilikuwa za alasiri, pale Silver Spring, huku ughaibuni, kwenye ukumbi tuliopangishiwa na kanisa la Wazungu, wao wakishamaliza zao na kwenda kula. Mchungaji, Mkenya wa bara, alihubiri kwa Kiswahili. Mkalimani alisimama kando yake akigeuza kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu, ambao Kiswahili wanakielewa vizuri sana ukitaja pilau, ila ukitaja dhambi hawakisikii kabisa. Basi jua likishuka dirishani, Mchungaji anasema, "Jambo la nne, wapendwa," na Mkalimani anawatangazia watoto kwa Kiingereza safi kwamba tumefika mwisho, tusimame tuombe. Watoto wanasimama. Mama zao wakiona watoto wamesimama, nao wanasimama. Mchungaji akiona kanisa zima liko wima, afanye nini? Anafumba macho anaomba.

Nilimwambia mara moja kwamba hiyo ni dhambi. Akanitazama kwa huruma.

"Apana, dada. Zambi ni kuchokesha batoto."

Kwao ni Bukavu, kule Kongo, na huko alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Zaidi ya hapo sikumchimba, maana mtu aliyeondoka kwao kwa vita humchimbi, unamkaribisha chai. Hapa alikaa kwenye kibanda cha vioo, mlangoni pa maegesho ya magari katikati ya jiji, akipokea tiketi za watu wenye haraka. Alipanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu kule Springfield, kwa hiyo kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa na treni mbili na basi moja, na basi lenyewe siku ya Jumapili linakuja likijisikia. Ndiyo maana sikumkasirikia sana kuhusu jambo la nne.

Jina lake tulilijua, lakini halikutumika. Sisi Watanzania tulimwita Mkalimani, Wakenya walimwita Mzee, Wakongo wenzake walimwita Papa, na watoto walimwita "yule wa maiki". Mwenyewe alisema yote ni sawa, mradi usimwite wakati Mchungaji anaongea.

Alikuwa na msemo wake: "Mkalimani ni daraja, na daraja haiulizwake mawazo." Aliusema kwa uzito mkubwa, na sijapata kuona daraja lenye maoni mengi kama lile. Mhubiri mgeni akisema mume ni kichwa cha nyumba, Mkalimani alitafsiri, kisha akaongeza kwamba kichwa bila shingo hakigeuki. Mgeni akiwasema vijana wa siku hizi, Mkalimani aliwapunguzia vijana makali. Mtu aliyejua lugha zote mbili alipata mahubiri mawili kwa sadaka moja.

Na hakukalimani lugha tofauti tu. Alikalimani Kiswahili kwa Kiswahili. Ninyi mnaokaa nyumbani hamjui tabu tuliyokuwa nayo sisi tuliotupwa pamoja ugenini, kila mtu na Kiswahili chake. Siku moja tupo jikoni kanisani, mama mmoja wa Eldoret akaniambia, "Leta hiyo mwiko." Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu hata ukimtuma mwanao unaanza na naomba. Nikaendelea kusonga ugali kana kwamba nimesikia redio. Mkalimani alikuwa mlangoni anasubiri chai yake.

"Huyu mama anasema," akaniambia, "dada yangu mpenzi, naomba, kama haitakusumbua, uniazime mwiko." Akamgeukia yule mama. "Na huyu anasema: chukua, ni wa sisi wote."

Mimi nilikuwa sijasema neno. Lakini mwiko ulienda, na yule mama na mimi ni marafiki mpaka leo.

Kulikuwa na jambo moja hakuligeuza kamwe, na nilichelewa kuligundua. Hakujitafsiri mwenyewe. Karatasi zake zilikuwa bado. Aliomba hifadhi tangu alipofika, kesi ikawa inasogezwa, leo jaji huyu, mwakani jaji yule, na wakili wake alimwambia jambo moja tu la kukumbuka: ukitoka nje ya nchi hii kabla ya karatasi, hurudi. Kwa hiyo karibu kila Jumapili Mchungaji alimwombea. "Bwana, mkumbuke mzee wetu huyu hapa, umfungulie mlango asafiri." Na Mkalimani, macho yamefumbwa, anawaambia watoto kwa Kiingereza, "Bwana, wakumbuke watu wote wenye shida." Yeye alijiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Sasa mtu huyu asiyeweza kutoka hata kwenda Kanada ndiye aliyetuingiza kwenye habari za Haiti.

Kibandani alikuwa na mwenzake wa zamu, Mhaiti, mtu mcheshi, ambaye shangazi yake aliendesha jiko la kulisha watoto kwenye kitongoji kimoja kule kwao. Jiko lenyewe lilikuwa paa la bati kando ya kanisa dogo, na kila Jumamosi watoto wenye njaa walikuja na bakuli zao. Mkalimani alisikia habari hiyo, akaileta kanisani, akaisimulia mara mbili, Kiswahili na Kiingereza, na zote mbili watu walilia. Tukaanza. Watu waliokuwa na nyumba kubwa kule Germantown walitoa nafasi wanapowekaga magari, tukajaza mapipa ya plastiki mchele, maharage, mafuta na sabuni, tukayatuma kwa meli. Mara moja kwa mwaka kikundi chetu kilikwenda wenyewe, wauguzi kwa wingi, maana kanisa letu ukipiga kelele "nesi" nusu wanageuka. Mkalimani alitupeleka hadi uwanja wa ndege wa Dulles, akabeba mizigo yetu, akatufundisha maneno ya salamu kwenye foleni, kisha akabaki upande wa pili wa kamba akipunga mkono. Kila mwaka alisema atakwenda mwakani. Hakusema kwa kujisikitikia. Alisema kama mtu anayekwambia atakula baadaye.

Yule Mhaiti mwenzake alihamia Florida, na shangazi akabaki mikononi mwa Mkalimani. Tulimwita Mama Jikoni. Jumapili ya mwisho ya mwezi ilikuwa siku yake. Kwaya inaimba, Mkalimani anakwangua kadi ya simu kwa ufunguo, anabonyeza namba ndefu, na kwaya hairuhusiwi kunyamaza mpaka simu iite. Kuna Jumapili tuliimba pambio moja mpaka mpiga ngoma akaomba maji. Kisha: "Alo? Alo, mama?" na simu inawekwa kwenye maiki, na sauti ya Mama Jikoni inatujia, nene, yenye vumbi, inajaza ukumbi.

Mama Jikoni hakujua Kifaransa. Alijua Kikreoli, lugha yao, ambayo ina Kifaransa ndani yake kama wali unavyokuwa na chumvi: ipo, lakini huwezi kuichambua. Mkalimani alifumba macho akasikiliza, akatupatia. Sentensi yake moja ilitoka kwa Mkalimani ikiwa tano. Mwisho wa mazungumzo, kila mwezi bila kukosa, Mama Jikoni alisema kitu kifupi, sauti ikipanda mwishoni: "Kilè wap vini?" Mkalimani akafumbua macho, akasema, "Anasema, Mungu awabariki wote." Na sisi kanisa zima tukajibu kwa nguvu, "Amina."

Alikuwa na nadharia kuhusu Wahaiti. Wale ni ndugu zetu, alisema, mababu zao wengi walichukuliwa kule Kongo, na maneno yetu walikwenda nayo. Kwa hiyo neno la Kikreoli likimshinda kwa Kifaransa, alilitafuta kwa lugha za nyumbani. Nadharia si mbaya. Hata wasomi wanasema maneno ya Kongo yapo kule. Shida ni neno lipi.

Jumapili moja kulikuwa na mvua ya radi, simu inakatikakatika. Mama Jikoni aliongea mbio. Mkalimani akamwomba arudie. Akarudia: "Timoun yo manje manba." Mkalimani akakunja uso. Mama Jikoni akarudia tena polepole, kama unavyomwelekeza mgeni njia: manba, manba.

Timoun ni watoto, hilo tulishalijua sote. Manje ni kula, hata Kifaransa kinalo. Na lile la mwisho kanisa zima tulilisikia wenyewe bila kukalimaniwa. Mamba.

 Baadaye Mkalimani alinieleza jinsi alivyofikiri pale mbele, na mpaka leo sioni kosa kwenye fikra zake. Mtoto hawezi kumla mamba. Mamba anaweza kumla mtoto. Kwa hiyo mama amesema sawasawa, ni simu iliyopindua sentensi.

"Bandugu," akasema kwenye maiki, "mama anasema kule mamba anakula batoto."

Mama mmoja alipiga yowe. Watoto, ambao siku zote walikuwa wamelala wakati wa simu, waliamka wote. Tulipofika nyumbani binti yangu akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilidhani atatuumbua, maana huyo mtoto hakubali kitu. Akarudi macho yamemtoka, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni kweli, Haiti kuna ziwa lenye mamba. Ziwa lenyewe liko mbali kabisa na kwa Mama Jikoni, lakini ni nani aliyeuliza habari ya umbali? Mtandao umesema.

Tulifunga wiki nzima. Mchungaji alihubiri juu ya Danieli na simba, akafafanua kwamba Mungu wa simba ndiye Mungu wa mamba, na Mkalimani safari hiyo alimwachia mpaka jambo la sita. Umoja wa akina baba, ambao huwa hawaelewani hata juu ya nani anunue soda, walielewana kwa simu moja: seng'enge. Tupeleke seng'enge, tuzungushie ukingo wa mto, watoto wapite salama kwenda kula. Hakuna aliyeuliza mto gani. Mamba yupo, mto utakosekanaje?

Mwaka huo nilikuwa kwenye kikundi. Basi fikiria watu wazima, wauguzi wenye vyeti, tuko Dulles tumevaa fulana za kanisa, tunasukuma marobota ya seng'enge. Ofisa wa forodha upande wa pili aliyatazama, akatutazama sisi, akayatazama tena. Tukamwambia ni msaada wa chakula. Akatupisha, nadhani kwa kuchoka.

Tulipofika kwa Mama Jikoni tulipokewa kwa nyimbo. Ni mwanamke mfupi, mpana, kilemba cheupe, mikono ya mtu aliyekoroga sufuria kubwa maisha yake yote. Dereva aliyetuchukua alijua Kiingereza, na kiongozi wetu, baba mmoja wa Nakuru mwenye bidii sana, hakutaka hata kukaa. Akamwambia dereva amuulize mama mto uko wapi.

"Mto upi?" dereva akauliza.

"Wenye mamba," akajibu, na kwa haraka mamba akamtoka kwa Kiswahili.

Dereva akamwuliza Mama Jikoni, neno lenyewe akalirudia lilivyo. Mama alisikia neno moja tu la kueleweka kwenye swali letu, akafurahi mno, akaingia jikoni. Akatoka na kopo na kijiko, akaja mpaka kwangu, akanisogezea kijiko mdomoni kama mtoto. Nikafungua. Zilikuwa karanga. Karanga zilizokaangwa zikasagwa mpaka zikalainika, na pilipili kwa mbali.

"Manba," akasema, akinitazama kama nimependa.

Mimi ni mtu wa Singida, nawakumbusha. Nimekua natwanga karanga, naunga karanga, naweka karanga kwenye mlenda. Na nilikuwa nimeshinda njaa wiki nzima kupambana na karanga katika roho. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe watoto waliodhoofu sana walipewa kwanza manba, kijiko kijiko, kabla ya wali, maana wali peke yake hauwainui. Na karanga zilikuwa zimemwishia. Hilo tu ndilo alilokuwa anaomba kwenye ile mvua ya radi: watoto wanakula karanga, leteni karanga.

Kesho yake tulikwenda sokoni tukanunua karanga kwa magunia, tukakaanga, tukasaga, mikono ikanuka karanga siku zote zilizobaki. Nilimwona mtoto mmoja, shingo nyembamba hivi, analamba kijiko mbele, anakigeuza, analamba nyuma. Nililia, sisemi uongo. Seng'enge nayo haikupotea. Mama Jikoni aliwazungushia kuku wake, na kwa miaka yote iliyofuata kuku wale ndio waliolindwa vizuri zaidi katika kisiwa kizima dhidi ya mamba.

Jumamosi ya mwisho tukagawa chakula. Sahani zilikuwa za bati, zimepangwa mezani, na nilipochukua moja iliyofunikwa kitambaa Mama Jikoni akanishika mkono, taratibu. Akairudisha mahali pake. Kisha wakati wa kuagana akatushika mikono mmoja mmoja, akasema kitu kifupi, sauti ikipanda mwishoni. Kilè, kitu fulani, vini. Tukaitambua mara moja, baraka yetu ya kila mwezi. Tukajibu kwa pamoja, "Amina."

Dereva akaanza kucheka. Akaniuliza kwa nini tunasema amina.

"Si anatubariki?"

"Anawauliza yule bwana atakuja lini. Yule wa kwenye simu." Akaonyesha ile sahani iliyofunikwa. "Ile ni yake. Anamwekea kila Jumamosi, watoto wakimaliza anampa wa mwisho kuja. Kwenye simu anamuuliza kila mara, utakuja lini? Na nyie wote mnapiga kelele, amina. Mama anasema lazima kwenu amina maana yake ni bado kidogo."

Nilimtazama Mama Jikoni. Alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.  Nikamwambia tena, kwa sauti ndogo, "Amina," naye akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa.

Tuliporudi, Mkalimani alikuwa Dulles anatusubiri upande ule ule wa kamba. Hata mizigo hajashika anauliza habari ya mamba. Nikamwambia ni karanga. Akasimama. Watu wanatupita na mabegi yao.

"Lakini tuliomba," akasema mwishowe, "na hakuna mutoto aliyeliwa."

Mambo ya ile sentensi nyingine sikumwuliza pale. Nilingoja mpaka siku ya mapumziko yangu, nikampitia kibandani na chapati. Alinipa stuli yake, yeye akabaki wima. Gari linaingia, anatoa tiketi, anamtakia mtu siku njema, anarudi kwangu. Nikamwuliza kama anajua maana ya kilè wap vini.

Hakujifanya.

"Vini ni venir ya Kifaransa, kuya," akasema. "Hata mutoto wa mwaka wa kwanza pale Bukavu anajua. Ile njo sentensi moja ya mama nilisikia yote, tangu siku ya kwanza. Zingine nilikuwa natafutatafuta."

"Sasa mbona unatudanganya?"

Gari likaingia. Tiketi, siku njema. Akarudi.

"Unataka nisimame na ile mikro mbele ya bantu, nisema mama anauliza nitakuya lini? Kila mwezi? Halafu nimujibu nini, dada? Nimwambie juge anasogeza kesi? Nimwambie avoka anakataza nisitoke? Mimi nasema Mungu abariki, nyinyi munasema amina. Amina ni jibu muzuri. Haina tarehe." Akachukua chapati, akaikunja, hakuila. "Njo jibu peke yake nilikuwa nayo."

Nilikuwa nimekuja kumsuta, nikaishia kumfutia vioo vya kibanda chake, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Niliuma midomo. Sikumwambia mtu, na mimi si mtu wa kuuma midomo, wanaonijua watashangaa. Mwezi baada ya mwezi nilisimama pale ukumbini Mama Jikoni akiuliza, kanisa likinguruma amina, na mimi nikisema amina pamoja nao, nikijua namwambia mwanamke wa watu bado kidogo, bado kidogo.

Miaka ikaenda. Nywele za Mkalimani zikawa nyeupe zote, Mchungaji akajifunza kumaliza kwenye jambo la tatu, binti yangu akaenda chuo. Kadi za simu zikawa rahisi, mapipa yakaendelea, na tangu siku ile hatukusahau karanga. Mwaka mmoja vimbunga vilifuatana kule, na mchele ulikuwa umepanda bei dunia nzima, na Mama Jikoni alipokuja kwenye simu alisema sentensi fupi tu: "Timoun yo grangou." Sisi tukangoja Mkalimani atupe zile sentensi zake tano. Hakuongeza kitu. Alisema, "Batoto bako na njala," akakaa kwenye kiti. Siku hiyo mapipa yalijaa kabla ya watu kwenda nyumbani. Na bado, kabla simu haijakatika, mama akauliza swali lake, na Mkalimani akasimama tena kutubariki.

Hata katika dhiki hiyo sikuwahi kumsikia akilalamikia karatasi zake. Nilimsikia akilalamikia basi, chai isiyo na maziwa ya kutosha, Wakenya wanavyoua ngeli, sisi Watanzania tunavyozunguka kabla ya kusema jambo. "Nyinyi," aliniambia, "mukitaka chumvi munaanza na habari za asubuhi." Ukimwuliza kesi imefikia wapi, alikuuliza watoto hawajambo.

Basi ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, kama nyingine zote. Nilimkuta mlangoni pa ukumbi. Amevaa koti lake lile lile, lakini amenyoa vizuri, na viatu vinang'aa mpaka nikamtania, nikamwuliza anaoa nani. Hakucheka. Akanishika kiwiko.

"Dada, leo usiseme amina."

"Lini?"

"Utajua."

Mchungaji alihubiri. Mkalimani aligeuza kila kitu, jambo la kwanza, la pili, la tatu, hakuongeza wala hakupunguza, mpaka watoto wakaanza kutazamana. Kwaya ikaimba, kadi ikakwanguliwa, simu ikaita. Mama Jikoni alisikika amezeeka kidogo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Mapipa yamefika. Watoto wameongezeka. Karanga zipo. Kuku mmoja ameibiwa, seng'enge au bila seng'enge. Mkalimani akatupa yote, Kiswahili, Kiingereza. Kisha ikaja.

"Kilè wap vini?"

Kanisa, kwa mazoea, bila hata kumngoja, likasema, "Amina."

Mimi nilifunga mdomo. Mkalimani aliisogeza simu karibu na uso wake, akaishika kwa mikono miwili.

"Samdi," akasema.

Tukasikia kuku upande wa pili, kwa mbali. 

"Samdi?" Mama Jikoni akauliza.

"Samdi, mama. Samdi."

Watu wakaanza kugeukiana. Hilo halikuwa kwenye utaratibu. Mchungaji akamsogelea, akamwuliza taratibu, "Mzee, amesema nini? Na wewe umesema nini?" Mkalimani akafungua mdomo, na yule mtu wa sentensi tano kwa moja, daraja lenye maoni, hakutoa hata moja. Alisimama na ile simu, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, anatikisa kichwa. Akanitazama mimi, niliyelijua lile neno tangu Haiti.

Nikaenda mbele. Nikachukua maiki. Sijawahi kukalimani maishani mwangu, na sauti yangu si ya kusimamia kanisa.

"Mama anamwuliza atakuja lini," nikasema. "Amekuwa akimwuliza hivyo miaka yote. Mkalimani wetu amepata karatasi. Amemjibu, Jumamosi."

Kisha nikasema tena kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto.

Sitaeleza kilichotokea ukumbini, kwa sababu sikukiona vizuri, na mama wa Eldoret alikuwa amenikumbatia kichwa. Najua kwamba viti vilianguka. Najua Mchungaji alipiga magoti kisha akashindwa kuinuka. Na simu ilikuwa bado iko hewani, kadi inakula dakika zake, mpaka mtu akakumbuka, akawanyamazisha watu, na ukumbi ukatulia kumsikiliza mama wa watu ambaye huenda alidhani tumevamiwa.

Alikuwepo bado. Tulimsikia akivuta pumzi. Kisha Mama Jikoni, polepole, kwa Kiswahili chetu alichojifunza kwetu, akasema, "Amina."